Fomeni Aliyenunua Gesi: Ushauri kwa Wahandisi Wapya Kutokana na Safari ya Leonid Mikhelson

Kila mara vijana wapya wanapopangiwa kazi katika kitengo chetu cha ujenzi wa mabomba, wengi wao wakiwa na vyeti ambavyo wino wake haujakauka, huwatengea jioni moja ya kuwasimulia maisha ya kazi ya Leonid Mikhelson, mkuu wa kampuni ya gesi ya Novatek, ambaye jarida la Forbes lilimtaja kuwa Mrusi tajiri kuliko wote mwaka 2016 na tena mwaka 2017. Nimemchagua kwa kuwa alianza mahali pale pale wanapoanza wao, kando ya mtaro wa bomba, na kwa kuwa katika safari yake yamechanganyika mambo ambayo mhandisi kijana anaweza kujifunza na mambo ambayo hata akiyatamani hatayapata. Asiyeyatenganisha mapema atapoteza miaka mingi akingojea bahati ya mtu mwingine.

Nianze na yale yasiyoigika, maana ndiyo huwa yanafichwa. Mikhelson alizaliwa mwaka 1955 katika mji wa Kaspiysk, Dagestan, na baba yake aliongoza shirika la Kuibyshevtruboprovodstroy, moja ya mashirika makubwa kabisa ya ujenzi wa mabomba katika Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1977 alihitimu uhandisi wa ujenzi katika chuo cha mji wa Kuibyshev, ambao leo unaitwa Samara, na miaka 10 baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa shirika lile lile lililowahi kuongozwa na baba yake. Mtoto wa bosi ni mtoto wa bosi, iwe Samara au kwetu, na sioni haja ya kulipamba jambo hilo. Hata hivyo, kati ya chuo na kiti cha mkurugenzi kulikuwa na miaka 10 ya kazi, nayo ndiyo ninayotaka muiangalie.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya usimamizi wa ujenzi katika eneo la Surgut, Siberia ya Magharibi, kwenye kipande cha kwanza cha bomba la gesi la kutoka Urengoy hadi Chelyabinsk. Warusi wana neno lao kwa mtu wa cheo hicho, prorab, naye yuko juu kidogo ya fomeni tunayemjua sisi: ndiye anayepokea michoro, ndiye anayehesabu mabomba na mafuta ya mitambo, na ndiye anayelala kambini na mafundi. Sehemu kubwa ya ardhi ya huko ni kinamasi. Wakati wa kiangazi mitambo mizito huzama, kwa hiyo kazi kubwa ya kutandaza mabomba hufanyika majira ya baridi kali, wakati ardhi imeganda na kuwa ngumu kama sakafu. Majira ambayo mtu wa kawaida hujifungia ndani ndiyo majira ya mavuno kwa mjenzi wa mabomba, na akikosa baridi ya mwaka huu amekosa mwaka mzima.

Huwa nawaeleza vijana kwamba sisi tuna kalenda yetu ya namna hiyo, isipokuwa badala ya barafu tuna masika. Mhandisi mpya husoma ratiba ya mradi kama ilivyochapwa ofisini, akaamini kwamba wiki ya mwezi Aprili ina siku za kazi sawa na wiki ya mwezi Agosti. Kabla hujaweka sahihi kwenye ratiba yoyote, nenda kamuulize dereva wa greda wa eneo hilo ni mwezi gani barabara hukatika, kisha rudi uhesabu upya. Mimi nilifundishwa hivyo na fundi mchomeleaji mmoja mzee ambaye hakuwa na cheti chochote, baada ya kumbishia kwa siku tatu na kuona magari manne yakikwama tope likiwa limefika kwenye ekseli.

Mwaka 1985 Mikhelson aliteuliwa kuwa mhandisi mkuu wa shirika la ujenzi wa mabomba la Ryazan, na mwaka 1987 akarudi Kuibyshev kuchukua uongozi. Dola ya Kisovieti ilikuwa imeanza kuyumba. Mwaka 1991 shirika lake likawa la kwanza katika eneo lake kuuza hisa, likageuka kuwa kampuni binafsi iliyoitwa Nova, na mwaka 1994 ikaanzishwa kampuni ambayo baadaye ilichukua jina la Novatek.

Miaka hiyo Urusi nzima iliugua ugonjwa wa kutolipana. Viwanda havikulipia umeme, makampuni ya umeme hayakulipia gesi, na wenye gesi hawakuwalipa wakandarasi. Madeni yalilipwa kwa bidhaa, kwa hati za ahadi, au hayakulipwa kabisa. Mkandarasi wa mabomba katika hali kama hiyo ana njia mbili: kuendelea kujenga huku akihesabu madeni, au kutafuta namna ya kuwa upande wa pili wa meza. Kampuni ya Mikhelson ilianza kujipatia hisa katika makampuni ya kijiolojia yaliyokuwa na leseni za vitalu vya gesi katika wilaya ya Yamal-Nenets, likiwemo eneo la Tarko-Sale, na ujuzi wake wa ujenzi ukatumika kuendeleza visima ambavyo wenye leseni hawakuwa na fedha za kuviendeleza.

Jambo hilo linanigusa kwa sababu niliwahi kufanya kazi kwa mkandarasi mdogo ambaye simtaji, tukajenga barabara ya kufikia kituo cha pampu, tukakabidhi kazi bila dosari, halafu tukakaa miezi saba bila kulipwa hata senti. Mafundi waliuza vyombo vyao. Nilikuwa kijana, nikadhani tatizo ni ubaya wa mtu fulani wa uhasibu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba katika miradi ya nishati mjenzi ndiye wa mwisho kwenye foleni ya malipo na wa kwanza kwenye foleni ya lawama, na kwamba hali hiyo imo ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza kwa yeyote anayejua kusoma vifungu vya malipo. Kwa hiyo, kijana, usiwaachie wanasheria mkataba wote. Soma vifungu vinavyosema nani anathibitisha kazi, ndani ya siku ngapi, na fedha inatoka mfuko gani. Kama mfuko huo unategemea mauzo ya kitu ambacho bado hakijajengwa, wewe tayari ni mkopeshaji, hata kama hakuna aliyekuambia.

Umiliki wa gesi haukumaliza shida. Mabomba makuu ya gesi nchini Urusi yako mikononi mwa Gazprom, kampuni ya gesi inayodhibitiwa na serikali, na sheria ya mwaka 2006 ikaipa kampuni hiyo peke yake haki ya kuuza gesi nje ya nchi. Mzalishaji wa pembeni aliweza kuuza gesi yake ndani ya nchi tu, kwa bei ya ndani, akipitisha kwenye bomba la mshindani wake. Hapo ndipo naona akili ya mtu aliyewahi kujenga mabomba na kujua thamani ya kuyamiliki. Katika visima vingi vya Novatek gesi hutoka pamoja na kimiminika chepesi kinachoitwa kondenseti, nacho hakikubanwa na sheria hiyo, na kinaweza kusafirishwa kwa behewa la treni. Mwaka 2005 kampuni ilifungua kiwanda cha Purovsky cha kusafisha kondenseti, na mwaka 2013 ikafungua kituo cha kuichakata na kuipakia melini katika bandari ya Ust-Luga, kwenye Bahari ya Baltiki. Mwaka huo huo wa 2005 hisa zake ziliingia katika soko la London.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya ujasiri zaidi. Mwaka 2009 Novatek ilinunua asilimia 51 ya mradi wa Yamal LNG (herufi hizo tatu ni kifupi cha Kiingereza cha gesi asilia ya kimiminika) kutoka kwa kampuni ya Gennady Timchenko, mfanyabiashara wa mafuta na mwenye mtaji katika kampuni kubwa ya ujenzi ya Stroytransgaz, ambaye naye akawa mwanahisa mkubwa wa Novatek. Wazo lilikuwa kuchakata gesi kuwa kimiminika kwenye rasi ya Yamal, kaskazini kabisa mwa dunia, na kuisafirisha kwa meli bila kugusa bomba la mtu. Gesi ikipozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri hupungua ujazo takribani mara 600. Na kwa kuwa hewa ya Yamal yenyewe ni baridi, mitambo ya kupoza hupata kazi nyepesi kidogo kuliko ingeifanya katika nchi ya joto.

Wahandisi wapya husikiliza sehemu hii kwa makini kuliko zote, nami huikawiza kwa makusudi. Mahali panapoitwa Sabetta hapakuwa na bandari, hapakuwa na barabara ya kuingilia, na baridi yake yaweza kufika nyuzi 50 chini ya sifuri. Ardhi imeganda mwaka mzima chini ya tabaka jembamba la juu linaloyeyuka kila kiangazi, hivyo jengo lenye joto likikaa moja kwa moja juu yake litaiyeyusha na kuzama lenyewe. Suluhisho lilikuwa kusimamisha mitambo juu ya nguzo zilizozamishwa katika ardhi iliyoganda, kuacha nafasi ya hewa baridi kupita chini, na kuweka mirija maalumu inayovuta joto kutoka ardhini na kulitoa hewani. Kisha, kwa kuwa saa moja ya mchomeleaji katika giza na baridi ya Yamal ni ghali mno na matokeo yake hayatabiriki, sehemu kubwa za kiwanda ziliundwa katika karakana za mbali, China na Indonesia zikiwemo, zikasafirishwa kwa meli na kuunganishwa Sabetta. Mstari wa kwanza wa uzalishaji ulizinduliwa Desemba 2017, Rais Putin akiwepo, na mistari ya pili na ya tatu ikaanza mwaka 2018 kabla ya wakati uliopangwa. Mistari hiyo mitatu ilibuniwa kuzalisha tani milioni 16.5 kwa mwaka.

Ushauri wangu hapa ni wa kawaida kabisa: kila kazi unayoweza kuihamisha kutoka saiti kwenda karakana, ihamishe, hata kama mradi wako ni tangi la maji la kijiji. Lakini ukihamisha kazi umehamisha pia ukaguzi. Vipimo vya maungio vikikosewa karakanani, hutavigundua mpaka kipande kiwe kimeshafika mbele yako kikiwa na tani zake zote.

Sasa turudi kwenye yasiyoigika. Mradi huo uligharimu takribani dola bilioni 27, na haukujengwa kwa akili ya wahandisi peke yake. Serikali ya Urusi iligharimia sehemu kubwa ya bandari ya Sabetta, ikasamehe kwa miaka 12 kodi ya uchimbaji kwa gesi inayokwenda kiwandani hapo, ikatoa rubo bilioni 150 kutoka mfuko wa akiba wa taifa, na mwishoni mwa mwaka 2013 ikafungua mlango kwa baadhi ya makampuni mengine kuuza nje gesi ya kimiminika. Marekani ilipoiwekea Novatek vikwazo vya mikopo ya muda mrefu mwaka 2014, benki za China ziliingia na mwaka 2016 zikakubali kutoa mkopo wa takribani dola bilioni 12 kwa yuro na yuan. Kampuni za mafuta na gesi za Total ya Ufaransa na CNPC ya China zilishika asilimia 20 ya mradi kila moja. Anayewasimulia vijana habari za nguzo na mirija akaacha kutaja msamaha wa kodi anawadanganya, kwa maoni yangu, na udanganyifu wa aina hiyo umejaa katika hotuba za wahamasishaji.

Hata kwa msaada wote huo, mambo mengine yalikataa. Mstari wa nne wa Yamal, mdogo, wa tani 900,000 kwa mwaka, ulijengwa kwa teknolojia ambayo Novatek iliibuni na kuisajili yenyewe, nao ulichelewa hadi mwaka 2021. Nauhesabu kuwa somo zuri kuliko ile mistari mitatu iliyowahi: teknolojia mpya ilijaribiwa kwenye mstari mdogo, mahali ambapo kuchelewa hakungeua mradi mzima.

Mradi uliofuata, Arctic LNG 2, ulisukuma wazo la karakana hadi mwisho wake. Mistari ilipangwa kukaa juu ya majukwaa makubwa ya zege yanayojengwa Belokamenka, karibu na Murmansk, na kukokotwa baharini hadi rasi ya Gydan. Jukwaa la kwanza lilifika mwaka 2023 na uzalishaji ukaanza Desemba mwaka huo. Wakati huo Mikhelson mwenyewe alikuwa tayari chini ya vikwazo vya Uingereza tangu Aprili 2022, na Novemba 2023 Marekani iliuwekea vikwazo mradi wenyewe. Zege lilikuwa salama, mashine zilipoza gesi, na meli zinazoweza kupasua barafu nene hazikupatikana za kutosha. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2024 baadhi ya shehena za kwanza zilikuwa bado zinazunguka baharini au zimehifadhiwa bila mnunuzi aliye tayari kuzipokea hadharani.

Tangu nilipofuatilia habari hiyo nimebadili namna ninavyopokea mradi mpya. Zamani nilikuwa nafungua kwanza michoro ya njia ya bomba. Siku hizi naomba kurasa zinazoeleza bidhaa itaondoka kwa chombo gani, ni mali ya nani, na nani ameahidi kuilipia; michoro naifungua jioni.