Nguuni: kwa aliyeuliza awapeleke wapi watoto Mombasa baada ya Haller Park

Dada uliyeuliza, umesema unashuka Mombasa na watoto wawili pamoja na mama mkwe, Haller Park na Fort Jesus mmeshaziona, na unatafuta mahali pa wanyama na miti pasipo na msongamano. Wengi wamekuelekeza Shimba Hills. Shimba ni pazuri, sibishani nao, ila iko Kwale, na kwa jioni moja tu mtamaliza muda wenu barabarani. Mimi nasema nendeni Nguuni.

Nguuni iko nyuma ya Bamburi, upande wa Kiembeni, kama kilomita 4 kutoka barabara ya Malindi. Naishi upande huu wa Kisauni na mpaka leo nakutana na majirani, watu wazima wenye wajukuu, ambao hawajawahi kuingia. Wanajua kuna mbuni mahali fulani kule ndani, basi. Hilo linaniuma, kwa sababu mtu huyohuyo utamkuta Jumapili amepanga foleni kwenye jua pahali ambapo kila mtu anakwenda.

Nikueleze ni nini usije ukavunjika moyo. Hakuna simba, hakuna tembo. Anayetaka hao apande gari aende Tsavo. Nguuni ni uwanda wa nyasi wenye mikoche na mabwawa ya maji, na humo wapo mbuni, twiga, na swala wakubwa wa aina tatu: pofu, choroa na kuro. Imelelewa na mradi uleule wa kampuni ya saruji ya Bamburi uliozaa Haller Park. Watoto wako wakikumbuka walivyosimuliwa kule, kwamba mwaka 1971 Mswisi René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo yaliyokuwa mawe matupu, mivinje ikashika, na jongoo wakaletwa watafune majani yake makavu mpaka ukapatikana udongo, basi wataelewa haraka tofauti yake na hapa. Haller Park ni msitu uliotengenezwa kwa mikono, una kivuli na njia zilizopangwa. Nguuni ni wazi. Unaona mbali, upepo unakupiga, na mnyama anaweza kuwa karibu au asiwe karibu kabisa.

Ndiyo maana nasisitiza saa. Msiende asubuhi saa nne eti mmalize mapema. Ingieni kwenye saa kumi jioni. Mchana jua la Mombasa halina huruma kwenye uwanda ule, na wanyama wenyewe hujibanza kivulini. Choroa peke yake ndiye utamkuta kasimama juani kama hakuna kitu. Mwili wake unaweza kuacha joto lipande bila kuanza kutoa jasho, hivyo haupotezi maji. Waambie watoto wamtazame usoni, zile baka nyeusi na nyeupe na pembe zilizonyooka, halafu wakitazame kivuli chake chini. Hapo utapata dakika kumi za utulivu bila kuomba.

Pofu ndiye ninayempenda kuliko wote. Ni swala, lakini swala wa uzito wa ng'ombe na zaidi, dume linaweza kufika kilo 900, na pamoja na uzito huo linaruka ua mrefu kumshinda mtu. Jioni wakianza kusogea kuelekea majini, nyamazeni wote. Dume likitembea miguu yake hutoa sauti, tak, tak, tak, kama mtu anayealisha vidole. Utaisikia sauti kabla mnyama hajatokeza nyuma ya kichaka. Kuna siku nilikuwa na mpwa wangu, mtoto asiyekaa kimya hata msikitini, akanishika mkono akaninong'oneza, "Mjomba, ni nani huyo?" Tukangoja. Likatokeza kidevu kwanza, lile shambiro linaloning'inia shingoni, likatutazama, likapita zake.

Sasa mikoche. Watu wanaipita kama nguzo za stima. Tazama juu: mnazi una shina moja mpaka kileleni, lakini mkoche wa pale shina linagawanyika mara mbili, kisha kila tawi mara mbili tena, jambo ambalo miti ya jamii ya mnazi hailifanyi kwa kawaida. Tunda lake ni la kahawia, gumu, nyama yake nyuzinyuzi zenye utamu kwa mbali, na watoto wa Pwani wamelitafuna miaka na miaka. Mama mkwe kama ni mtu wa bara, mwoneshe jani lake. Miyaa wanayosukia mama zetu mikeka na makapu hutoka kwenye jamii hii ya mti.

Na kwenye yale majani makavu yaliyolala kuelekea chini, ukiwa na darubini, hata ya kuazima, tafuta ndege wadogo wembamba wanaofanana na mbayuwayu, wanaoingia na kutoka kwa kasi. Wanajenga chini ya jani hilohilo linalopepea. Huyagandisha manyoya kwenye jani kwa mate yao, kisha na mayai nayo huyagandisha kwa mate, ndipo wakayaatamia wakiwa wamejishikiza wima. Upepo wa kusi ukivuma jani zima linabembea na yai halianguki. Mimi kwa hilo pekee ningelipa kiingilio.

Mabwawani kuna yangeyange, korongo na kwarara. Hapo mama mkwe akae. Mbebeeni kiti chepesi au mkeka, maana raha ya Nguuni ni kukaa, si kuzunguka. Chukueni viazi karai na maji mengi, na kila karatasi mrudi nayo. Tafadhali msibebe spika. Vaeni suruali ndefu na viatu vya kufunika, nyasi zina kupe hasa baada ya masika, na mkirudi wakagueni watoto nyuma ya masikio na kiunoni. Mbuni dume, yule mweusi, asisogelewe hata akionekana mpole. Teke lake ni la mbele na lina kucha. Msikilizeni mwongozaji.

Msifike langoni bila taarifa. Mimi hupitia Haller Park kwanza kuuliza kama kuna nafasi na bei ya siku hiyo, kwa sababu wakati mwingine hufanyika harusi au sherehe za makampuni huko ndani, na siku ya sherehe si siku ya wanyama. Jumanne au Jumatano ni bora kuliko wikendi.

Nasema haya pia kwa wenyeji wanaosoma. Kiembeni inajengwa kila mwezi, ghorofa baada ya ghorofa, na uwanda kama ule ukikosa wageni utaonekana ni ardhi iliyokaa bure. Pelekeni watoto wenu.

Usafiri: kutoka mjini pandeni matatu ya Kiembeni, kisha tuktuk mpaka langoni. Patana bei kabla ya kupanda, na mpatane na dereva huyohuyo awafuate saa kumi na mbili na nusu, mchukue na namba yake. Jua likizama giza huingia upesi, na pale langoni tuktuk za kupita hazipo.