Z07 imeadimika: usubiri, au uchukue Z06 yenye diski za chuma?

Mkuu, umeuliza kama uendelee kusubiri Corvette Z06, gari la michezo la Chevrolet, yenye kifurushi cha Z07 kinachokuja na breki za kaboni-seramiki, au uchukue ya kawaida yenye diski za chuma halafu uje kufunga breki hizo baadaye. Kama gari ni la barabarani, chukua la kawaida. Ila hilo la kubadilisha baadaye liondoe kwenye hesabu zako.

Uhaba huu hautibiwi kwa kuongeza zamu ya usiku kiwandani. Diski za kaboni-seramiki huanza kama vipande vya nyuzi za kaboni vilivyochanganywa na resini na kushindiliwa kwenye kalibu. Huchomwa pasipo hewa hadi resini igeuke kaboni, kisha hurudishwa tanuruni ili silikoni, ambayo huyeyuka kwenye sentigredi 1,414, ipenye kwenye vitundu vyote. Ikitoka hapo ni ngumu kiasi cha kuhitaji zana za almasi kuisawazisha. Kinachoamua idadi ni tanuru, na gari moja linataka diski nne. Brembo na SGL Carbon, watengenezaji wa diski hizi walioungana kwenye kazi hii mwaka 2009, wanatumia karibu euro milioni 150 hadi 2027 kupanua viwanda vya Stezzano na Meitingen.

Kwa muuzaji, usiulize "gari lini?" Uliza amegawiwa Z07 ngapi mwaka huu na wewe ni wa ngapi kwenye orodha yake, akujibu kwa maandishi. Oda hupewa namba ya hatua iliyofikia: ikiwa bado kwenye 1100, haijapokelewa na GM, kampuni inayotengeneza Corvette. Ikifika 3000 imeshaingia kwenye mpango wa uzalishaji, kwa hiyo mabadiliko yafanye kabla ya hapo. Ukiiondoa Z07, pitia upya bei yote, maana ilikulazimisha pia kuchukua mabawa ya kaboni.

Kwa nini usitegemee kubadilisha? Diski ya mbele ya kawaida ina kipenyo cha milimita 370, ya Z07 ina 398. Kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) haikai pale pale, pedi ni za aina nyingine, na breki za C8, yaani kizazi hiki cha Corvette, husukumwa kwa umeme, hivyo programu nayo lazima ilingane na kilichofungwa. Halafu bado hujapata saspensheni wala tairi za Michelin Cup 2 R zinazokuja na kifurushi hicho.

Diski za chuma zinatosha hata kwenye uwanja wa mbio ukizihudumia. Weka mafuta ya breki yanayochemka juu ya sentigredi 300 yakiwa mapya. Kiwango cha DOT 4 cha mafuta ya breki kinaruhusu yachemke kuanzia 230 tu yakiwa mapya, na yakishanyonya unyevu, 155. Pedali ikizama, mafuta yamechemka. Ikibaki ngumu lakini gari halisimami, ni pedi zimezidiwa na joto. Wengi hukosea hapa, wakabadilisha pedi wakati tatizo ni mafuta. Faida nyingine ni kwamba diski ya chuma ikiisha, unanunua nyingine bila kuingia kwenye foleni.

Ukikutana na diski za seramiki zilizotumika, usidanganyike na unene. Joto kali huunguza kaboni ndani, diski ikapungua uzito huku unene ukibaki karibu ule ule. Ifungue, isafishe, ikauke, ipime kwenye mizani, kisha linganisha na uzito wa chini ulioandikwa kwenye kitovu chake. Pitisha kidole ukingoni pia: rimu ikigonga diski wakati wa kutoa tairi, humega vipande, na ukingo uliomeguka hauzibwi.