Baada ya mshtuko wa moyo, mgonjwa ainuke lini?

Ndugu wengi humbeba mgonjwa kama yai: uji aletewe kitandani, hata maji ya kunawa asiyafuate. Zamani hospitali nazo ziliwalaza wiki kadhaa, mpaka Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston walipoandika mwaka 1952 kuhusu kuwakalisha wagonjwa kitini mapema. Kulala mno kuna madhara yake. Damu huganda miguuni, misuli hunywea, na mwili hukosa uwezo wa kuidhibiti presha mtu anaposimama. Ndipo akiinuka ghafla anaanguka, nyumba nzima ikadhani moyo umerudia.

Kifua kisipouma kwa saa 8 mfululizo, mapigo yakatulia na pumzi isimsumbue, mara nyingi daktari humruhusu kuanza siku ya kwanza au ya pili. Anza na kukaa tu. Inua kichwa cha kitanda, kisha miguu ining'inie ukingoni dakika 2 au 3 huku akichezesha vifundo. Pima presha na mapigo akiwa amelala, amekaa, halafu amesimama. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, au akiona kizunguzungu, mrudishe akae. Akihimili, aende kitini, chooni, kisha kwenye korido ya wodi. Kama kwake ni ghorofani, ngazi azijaribu kabla ya kuruhusiwa, mtaalamu akiwa pembeni.

Nyumbani atembee dakika 5 hadi 10 mara mbili kwa siku, pasipo mlima, akiongeza dakika moja au mbili kila siku hadi ifike nusu saa. Aweze kuongea sentensi nzima bila kuhema. Mapigo yasimdanganye akiwa anatumia bisoprolol au carvedilol, kwani dawa hizo huyashusha hata akijichosha. Atoke kabla jua halijawa kali, na si mara tu baada ya kula ugali.

Wiki ya pili ndiyo ya kuogopa, kwa sababu anajiona mzima. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Akiinyanyua anabana pumzi na presha inaruka. Kujikamua chooni ni vilevile, hivyo akifunga choo aombe dawa ya kulainisha mapema.

Kifua kikibana, aache anachofanya hapo hapo, akae, ndipo aweke dawa ya nitroglycerin chini ya ulimi kama amepewa. Hushusha presha, akiitumia amesimama anaweza kuanguka. Asiichanganye kamwe na dawa za nguvu za kiume. Dakika 5 zikipita maumivu yangalipo, hospitali mara moja, na asiende kwa miguu.