Binti uliyeniandikia, nenda kliniki

Wiki iliyopita binti mmoja wa huku kwetu Busia, upande wa Uganda, kaniandikia. Ana miaka 17 na mimba ya miezi minne, na kliniki hajakanyaga. Anasema anaogopa mpox, ule ugonjwa wa kuambukiza wa vipele. Mistari miwili mbele akasema kweli: anaogopa mdomo wa nesi.

Mimi nesi wangu namkumbuka. Aprili 2020 nilikuwa na miaka 17 kama wewe, mimba ya miezi saba, damu ikaanza kunitoka asubuhi. Korona imeingia, magari yamezuiwa, hata ya binafsi. Kupanda gari kwenda hospitali ni mpaka kibali cha RDC, mwakilishi wa rais wilayani. Mama akapanga foleni ya kibali tangu saa mbili, mimi nimelala mkekani. Saa saba mjomba akasema basi. Akafunga mto kwenye keria ya baiskeli, akanipandisha, akaikokota mpaka kituo cha afya.

Nesi akanitazama juu ya barakoa. "Shule kufungwa tu, mkaona mfanye haya?"

Shule zilifungwa Machi 20. Mimba ilikuwa ya miezi saba! Hesabu ilimshinda, lakini benchi zima lilicheka.

Damu ilikata, na sikurudi tena. Siku chache baadaye rais akatangaza wajawazito waende bila kibali, mimi nimekaa nyumbani nimenuna. Nani alikomolewa? Si nesi. Nilijifungua Juni, usiku wa kafyu, bodaboda bado ni za mizigo tu, baiskeli ikatoka tena. Habari za usiku ule siziandiki. Hata chanjo za mtoto nilizikwepa, mpaka nesi mwingine, mpole, akaniambia hatuanzi upya, tunaendelea palipokatika.

Kwa hiyo nenda. Vituo vya serikali havitozi ada tangu 2001. Mimba ya miezi minne ndiyo wakati wa kuanza dawa ya kuzuia malaria, na kuna vidonge vya damu na kipimo cha VVU. Nenda mapema. Ukitukanwa, nenda tena. Manesi wana zamu. Nenda na shangazi mwenye sauti, maana wasichana wa siku hizi mnapenda kuteseka kimyakimya halafu mnalaumu serikali. Nenda tu!

Mimi Januari 2022 nilirudi darasani nikiwa mama, na S.4, kidato cha nne, nimemaliza. Waliocheka benchini wanipigie hesabu hiyo.

Huna shangazi? Niandikie siku unayokwenda. Sauti ninayo.