Usigawe PHQ-9 kabla hujajua nani atasoma swali la tisa

Mkuu, simama kwanza. Umesema Jumatatu unagawa madodoso 200 ya PHQ-9, yale maswali tisa ya kupima sonona, hosteli kupitia kwa ma-CR (viongozi wa madarasa), bila majina, uyakusanye baada ya wiki uingize kwenye programu ya takwimu ya SPSS. Mimi nilifanya hivyo hivyo nikisoma saikolojia tiba.

Swali la tisa linauliza kama ndani ya wiki mbili zilizopita mtu amewaza kuwa bora afe, au ajidhuru. Madodoso yangu yalikaa kwenye boksi chini ya kitanda siku 19. Nilipofika namba 117, vema ilikuwa kwenye 3, "karibu kila siku". Wino wa bluu, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. Nikageuza nyuma kutafuta jina. Hakuna; niliwaahidi kwamba hakuna atakayejulikana. Tena jumla yake ilikuwa 9. Kikomo cha sonona tunachotumia wengi ni 10 kati ya 27, kwa hiyo kwenye majedwali yangu mtu huyo angehesabiwa hana tatizo! Nilirudi hosteli ile, nikabandika namba ya ofisi ya ushauri nasaha kila mlango, nikapita madarasani kuomba mwenye mzigo aje. Walikuja wanne. Kama 117 alikuwemo, sijui mpaka leo.

Na nilikuwa nimeuliza mapema. Msimamizi wangu akanijibu, "Wewe kusanya data, kutibu ni kazi ya hospitali." Mwalimu wa saikolojia tiba huyo! Tangu mkutano wa wanasaikolojia huko Boulder, Marekani, mwaka 1949, fani hii imekuwa ikifundisha mtu mmoja atafiti na atibu. Yeye akanigawa vipande viwili, na mwanafunzi wa watu akaangukia katikati. Bado inaniuma.

Kwa hiyo dodoso lijazwe mbele yako. Soma la tisa kabla hajainuka. Hata akiweka 1, kaa naye pembeni umuulize waziwazi. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Kisha umpeleke mwenyewe kwa mtaalamu mliyekubaliana naye, awe jengo hilohilo siku hiyo. Na fomu ya ridhaa iseme mapema kwamba siri ina mpaka, maisha yakiwa hatarini. Mtaalamu amekosekana? Tumia PHQ-8, haina swali hilo.

Wewe mpigie msimamizi wako leo, umuulize Jumatatu nani atakuwa pale.