Kona ya uani isiyokauka: nilichopanda baada ya waridi kuoza

Nyuma ya tangi letu la maji, hapa Lang'ata, kuna kona isiyokauka. Tangi likifurika maji huishia pale, na huu udongo wetu mweusi wa mfinyanzi hauyaachii upesi. Nilimwaga kokoto. Nikapanda waridi mara mbili, mara mbili mizizi ikaoza.

Kisha Februari moja, jua kali, nikamtembelea shangazi Limuru. Kando ya kijito chake maua ya njano yalikuwa yamejiotea, mabichi kabisa. "Chukua, mwanangu," akaniambia, "ila usiyang'oe kwa mikono mitupu, wala usiwape mbuzi."

Mmea huo ni Ranunculus multifidus, wa porini katika nyanda zetu za juu, na huishi miaka mingi. Majani yamechanikachanika, yana vinyweleo. Petali ni 5, na ukiligeuza ua juani utaona linavyong'aa, kana kwamba limepakwa samli. Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Lakini utomvu wake mbichi unababua ngozi. Siku ya kwanza nilifanya kazi bila glavu, nikatoka malengelenge katikati ya vidole. Kama una mtoto anayetia kila kitu mdomoni, usiupande kabisa.

Tafadhali, usiende kuchimbua miche Karura au msitu mwingine wa hifadhi. Omba kwa mtu mwenye shamba lenye kijito.

Mimi nilingoja mvua za masika zishike, Aprili. Nililigawa shina kwa kisu, kila kipande na mizizi yake na chipukizi lake, nikachanganya mboji nyingi kwenye udongo, nikapanda kwa nafasi ya sentimita 30 hivi. Usizike chipukizi, liache usawa wa ardhi. Kivuli cha alasiri kinaufaa. Na ujue tofauti ya unyevu na dimbwi: finyanga udongo mkononi, ukishikana bila kuchuruzika maji, panda. Maji yakisimama juu kwa siku kadhaa, inua tuta kwanza, la sivyo utafuga mbu.

Januari, maji ya mgao yakiadimika, ninaumwagilia yale niliyooshea sukuma wiki. Yanatosha.

Sasa mbegu zimejidondokea hadi kwenye ua wa jirani. Juzi mama wa nyumba hiyo aliniomba mche; nikampa miwili, pamoja na glavu.