Abiria wa kosta: anasonga au ametulia?

Mdogo wangu, umeuliza kama abiria aliyeketi kwenye kosta ya Moshi–Arusha anasonga au ametulia. Swali halijakamilika: kulingana na nini? Kwa kiti chake, kasi ni sifuri. Kwa muuza ndizi aliyesimama kando ya barabara pale Usa River, ni mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa.

Rusha sarafu wima ndani ya gari, ikae hewani sekunde 0.6. Utaiona ikipanda kama sentimita 44 na kurudi kiganjani. Muuza ndizi ataona tao linalosonga mbele mita 12, maana sarafu ilishabeba kasi ya gari kabla ya kuachiwa. Njia mbili, kanuni za mwendo zile zile. Mwanasayansi Galileo alilieleza hili mwaka 1632 kwa mfano wa merikebu. Na barabara yenyewe haijatulia: dunia inaizungusha kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa!

Dereva akifunga breki, sarafu inatangulia mbele. Huo ni mchapuko, yaani kubadilika kwa kasi, nao unautambua hata ukifumba macho. Kasi isiyobadilika huitambui.

Kwenye mtihani wengi huanguka kwa kupima kasi kulingana na kosta, lakini umbali kulingana na barabara. Andika kwanza "kulingana na barabara", usihame mpaka upate jibu.